Kipimo Kimoja kwa Wote: Mwongozo wa Kuandika Hadithi za Mapenzi bila Upendeleo wa Kijinsia

Mwongozo huu ni wa watu wanaofanya kazi na hadithi za mapenzi mjini Kindu: mtunzi wa mchezo wa redio, mhariri wa kijitabu kinachotolewa fotokopi na kuuzwa sokoni, mtangazaji wa kipindi cha usiku cha barua za wasikilizaji, msomaji anayerekodi hadithi kwa sauti na kuisambaza kwa simu, na kiongozi wa kundi la maigizo. Unahusu hadithi za mahaba, pamoja na zile zinazomfikisha msomaji hadi chumbani. Hauulizi kama hadithi hizo ziandikwe au zisiandikwe. Zimekwisha kuandikwa, zinasikilizwa Kasuku, Mikelenge na ng'ambo ya Lualaba kule Alunguli, na wanaozipenda ni watu wazima wenye akili zao. Swali letu ni la ufundi na la haki: je, mwanamume na mwanamke ndani ya hadithi moja wanapimwa kwa kipimo kimoja?

1. Upendeleo unakaa wapi

Wahariri wengi huutafuta upendeleo katika matusi. Wakishafuta neno la kudhalilisha, huona kazi imekwisha. Lakini hadithi yaweza kukosa neno baya hata moja, ikamsifia mwanamke macho, mwendo na sauti, na bado ikamfanya pambo la chumba. Upendeleo hukaa zaidi katika mpango wa hadithi kuliko katika msamiati wake. Ili kuuona, uliza maswali matatu:

- Nani anataka?
- Nani anaamua?
- Nani analipa?

Hadithi yenye upendeleo hujibu hivi: mwanamume anataka, mwanamume anaamua, mwanamke analipa. Ukikuta majibu hayo matatu yamefuatana, hadithi ina kasoro hata kama lugha yake ni tamu.

Kongo imewahi kuushuhudia mjadala huu katika fasihi yake kubwa. Riwaya ya *Tram 83* ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, ilitoka kwa Kifaransa mwaka 2014 na ikashinda Tuzo ya Etisalat ya mwaka 2015. Ilisifiwa sana kwa mdundo wa lugha yake. Hata hivyo baadhi ya wahakiki wa Kiafrika waliilaumu kwamba wanawake wake ni miili inayopita mbele ya macho ya wanaume, wengine wakaitetea. Funzo kwa mhariri wa Kindu ni hili: kuonyesha dunia yenye dhuluma si kosa. Kasoro huanza pale maandishi yenyewe yanapoinyima jinsia moja nafasi ya kuwaza, kuchagua na kujibu.

2. Nani anataka

Katika hadithi nyingi mwanamke hana hamu mpaka mwanamume amguse. Kabla ya hapo yuko kama nyumba isiyo na mtu. Mwanamume ndiye anayeona, anayewaza, anayekosa usingizi. Mwanamke hupewa kazi moja, kukataa kidogo kisha kukubali.

Mwandishi afanye haya:

a) Ampe mwanamke hamu yake mwenyewe kabla ya mguso wa kwanza. Msomaji ajue anampenda nani, kwa nini, na anaogopa nini.

b) Amtazame mwanamume pia. Kama kifua na kiuno cha mwanamke vimepewa aya nzima, mikono, shingo na sauti ya mwanamume navyo vipewe nafasi. Mwanamke naye ana macho.

c) Afanye jaribio la vitenzi. Chukua tukio moja la mapenzi, pigia mstari kila tendo, kisha andika pembeni aliyelitenda. Kama mwanamume ndiye anayeshika, anayevuta, anayevua, anayelaza, na mwanamke anashikwa, anavutwa, anavuliwa, analazwa, tukio hilo lina mtu mmoja tu. Liandike upya.

Huja pingamizi kwamba mwanamke wa Kiafrika haongei mambo ya chumbani, na kwamba anayeyataja ameiga ya kigeni. Historia ya Waswahili inakataa. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni sauti ya mama anayemfundisha binti yake maisha ya ndoa, na haukuona haya kutaja manukato na kumpumbaza mume. Ni kweli kwamba unamfundisha binti wajibu kuliko haki. Lakini aliyeutunga ni mwanamke, na hakunyamaza. Katika unyago, mafunzo ya wasichana, wa Zanzibar na wa bara, makungwi ndio waliowafundisha wari, yaani wasichana hao, maarifa ya mwili, na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana kwa kazi hiyo kama alivyojulikana kwa taarabu. Mwanamke anayezungumza juu ya hamu hajavunja mila ya wasemaji wa Kiswahili.

Mwanamume anaweza kumwandika mwanamke, na kinyume chake. Katika miaka ya 1980, Tabu Ley alitunga nyimbo nyingi ambazo Mbilia Bel aliziimba katika kundi la Afrisa. Sauti ilikuwa ya mwanamke, maneno yalikuwa ya mwanamume, na nyimbo zikapendwa Afrika nzima. Sharti letu ni dogo: mwandishi mwanamume awape wanawake wawili watu wazima, wasio jamaa zake, wamsomee tukio kabla halijatoka, awaulize ni wapi wameona mtu na wapi wameona ndoto ya mwanamume tu. Mwandishi mwanamke naye afanye hivyo kwa wanaume.

3. Ridhaa

Sehemu hii isomwe kwa makini kuliko zote. Vita vya mwaka 1996 hadi 2003, na machafuko yaliyofuata, viliufanya ubakaji kuwa silaha mashariki mwa Kongo, na jimbo letu la Maniema halikusalimika. Daktari Denis Mukwege wa Hospitali ya Panzi, Bukavu, alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018 kwa kazi yake na waathirika wa silaha hiyo. Mwandishi wa Kindu anapoandika mwanamume anayemvuta mwanamke kwa nguvu, na mwanamke anayeyeyuka mikononi mwake, aelewe kwamba katika nyumba inayosikiliza huenda yuko mtu anayekijua kitendo hicho kwa jina lake halisi.

Sheria nayo imesema wazi. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006, iliyorekebisha Kanuni ya Adhabu, inahesabu kuwa ubakaji si nguvu na vitisho tu, bali pia shinikizo la kiakili, mazingira ya kulazimisha, na kumtumia mtu asiyeweza kujitetea kwa sababu ya ugonjwa au kupotewa na fahamu. Mtu aliye chini ya miaka 18 hawezi kutoa ridhaa mbele ya sheria hiyo.

Kwa hiyo:

a) "Hapana" ya mhusika ibaki hapana. Usiandike kinywa kinachokataa huku macho yakikubali. Kama mhusika anasitasita, mwache aseme anachokisubiri.

b) Kimya, usingizi na ulevi si jibu.

c) Aliyekubali jana anaweza kukataa leo, hata akiwa mke.

d) Mhusika yeyote wa tukio la kimapenzi la mwili awe mtu mzima, na umri wake ueleweke mapema. Mwanafunzi wa sekondari asiingizwe katika tukio hilo kabisa, wala asielezwe kwa jicho la tamaa.

e) Mapenzi ya mwalimu wa chuo na mwanafunzi wake, au ya mkuu wa kazi na mfanyakazi, yasiandikwe kama bahati njema. Wakongo wanayajua "points sexuellement transmissibles", alama zinazopatikana kitandani, na unyanyasaji wa kingono ni kosa la jinai tangu mwaka 2006. Ukiyaandika, onyesha nani ana kalamu ya kutoa alama na nani hana.

f) Kama hadithi inahitaji ubakaji, uitwe ubakaji. Usiupambe kwa lugha ya raha, usikae juu ya mwili wa aliyetendewa, na usiumalize kwa ndoa. Onyesha kilichofuata: mwili, hospitali, familia, mahakama, na maisha yanayoendelea.

Wapo waandishi wanaolalamika kwamba ridhaa inapoza hadithi. Linganisha matoleo haya mawili.

La kwanza: *Alimkamata mkono, akamvuta ndani. "Hapana, hapana," mwanamke alisema, lakini moyo wake ulikuwa umeshakubali.*

La pili: *Mwanamume alisimama kizingitini, hakuvuka. "Nikiingia, iwe umeniita." Mwanamke alifungua kitambaa cha kichwa taratibu, akakikunja, akakiweka juu ya kiti. "Ingia, yaya. Mlango funga wewe. Taa nitazima mimi, nikitaka."*

La pili lina joto zaidi, kwa sababu lina watu wawili. Msisimko wa hadithi ya mapenzi hutoka katika kusubiri jibu, na jibu lisiloweza kuwa "hapana" halisubiriwi na mtu.

4. Nani anaamua

Mtindo wa hadithi za mapenzi uliosambaa duniani, wa vitabu vya Mills & Boon, kampuni iliyoanza London mwaka 1908, ulizoeza wasomaji kumsubiri mwanamume tajiri anayekuja kumtoa msichana katika shida. Huku kwetu tajiri huyo hushuka kwenye ndege kutoka Kinshasa, akiwa na simu mbili na gari la kukodi, na msichana hana kazi, hana rafiki, hana mpango wake.

Afrika imejaribu njia nyingine. Mwaka 1998 Nouvelles Éditions Ivoiriennes ya Abidjan ilianzisha Adoras, mfululizo wa vitabu vya mapenzi kwa Kifaransa vyenye wahusika, miji na chakula cha Kiafrika. Mwishoni mwa mwaka 2014 wachapishaji wa Cassava Republic wa Nigeria walianzisha Ankara Press, wakitaka mashujaa wa kike wenye kazi na maamuzi yao, na mapenzi yenye ridhaa na heshima. Mwaka 2015 walitoa mkusanyiko wa hadithi za Siku ya Valentine pamoja na tafsiri katika lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo. Hilo linatosha kuonyesha kwamba kubadili kipimo hakuui soko.

Mwandishi wa Kindu hana haja ya kwenda mbali. Mji wake umejaa wanawake wenye uamuzi: mama anayepakia mchele na mafuta ya mawese kwenye mtumbwi, muuza samaki anayejua bei za Ubundu kwa moyo, muuguzi, wakili, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kindu. Kazi ya mwanamke isitajwe katika ukurasa wa kwanza na kusahauliwa; ibadili mwendo wa hadithi. Treni ya kutoka kusini ikichelewa na mzigo wake ukakwama, je, anaenda kukutana na mpenzi au anaenda kituoni? Uamuzi huo mmoja utamjulisha kwa msomaji kuliko aya tatu za uzuri wake.

Sheria za ndoa zimebadilika, na hadithi nyingi bado zinaishi katika zile za zamani. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, ile iitwayo Code de la famille, ilimtaka mke apate idhini ya mume kwa mambo mengi ya kisheria, na iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016, sheria namba 16/008, yaliondoa idhini hiyo na kuweka miaka 18 kwa wote wawili. Mume bado anatajwa kuwa mkuu wa nyumba, lakini mke hahitaji tena ruhusa yake ili afanye kazi au biashara. Kumlazimisha mtu kuingia katika ndoa ni kosa la jinai tangu mwaka 2006. Mume anayemzuia mke kufungua duka anaweza kuandikwa, kwa sababu yupo. Asiandikwe tu kama mwenye haki isiyohojiwa na mtu yeyote katika hadithi nzima.

5. Nani analipa

Mwisho wa hadithi ndio hukumu yake. Soma hadithi kumi za mapenzi zinazozunguka mtaani, uangalie nani anakufa, nani anapata mimba na kufukuzwa, nani anapata ugonjwa, nani anaachwa uwanjani na masanduku. Kisha uangalie mwanamume aliyekuwa naye amelipa nini.

Fasihi ya Kiswahili imelitazama jambo hili kwa muda mrefu. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiwa shuleni Tanzania kwa sababu ya maelezo yake ya ngono. Rosa anaishia kujiua. Ukisoma juu juu unaweza kudhani ni hadithi ya msichana aliyeadhibiwa kwa uzinzi. Lakini Kezilahabi anamwonyesha baba, Zakaria, na wanaume wengine waliotia mkono katika anguko lake, na hawaachi waondoke bila kuulizwa. Katika *Utengano* ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1980, Maimuna anateseka, ila Maksuudi, baba tajiri aliyewatesa wanawake wa nyumba yake, naye anaporomoka. Mateso ya mwanamke katika vitabu hivi yana wenyewe, na wenyewe wanatajwa.

Mchezo wa *Twende na Wakati*, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, ulikwenda mbali zaidi. Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, ndiye aliyelipa kwa ukimwi. Mkewe Tunu akajifunza kusimama na kujitafutia riziki. Wasikilizaji hawakuizima redio kwa sababu mwanamume ameumbuliwa. Waliusubiri mchezo huo kwa miaka.

Kanuni za kufuata ni hizi:

a) Tendo likifanywa na wawili, matokeo yawaguse wawili.

b) Mwanamke mwenye historia ya mapenzi asiwe lazima mwovu au marehemu. Mjane, aliyeachika na mwenye mtoto wana haki ya kupendwa hadi mwisho wa hadithi.

c) Mwanamke wa kando, anayeitwa "deuxième bureau", asibebeshwe peke yake kosa la kuvunja nyumba. Mwenye nyumba aliyekwenda kwake ana miguu yake.

d) Usimtengeneze mke mwema kwa kumchafua mwanamke mwingine. Wanawake wawili wanaogombana kwa ajili ya mwanamume asiye na kasoro ni hadithi iliyochoka.

6. Wanaume nao

Upendeleo huwabana wanaume pia. Hadithi humtaka mwanamume awe na hamu saa zote, awe na pesa saa zote, asiogope, asilie, asikatae. Akikataa, anachekwa kwamba si mwanamume. Akishindwa kitandani, anageuzwa kichekesho. Akilazimishwa, hakuna anayemwamini, ingawa sheria ya mwaka 2006 inamlinda mtu yeyote, awe mwanamume au mwanamke.

Mwandike mwanamume anayesema "leo sitaki", na mwenzake akamwelewa. Mwandike aliyechoka baada ya siku nzima ya kusukuma baiskeli yenye mzigo, asiye na mahari bado, anayeona aibu kwa umaskini wake. Mwandike anayemwuliza mwenzake anapenda nini, asionekane mdhaifu kwa kuuliza. Mume aliyerudi kutoka machimboni, aliyeona mambo asiyoweza kuyasimulia, na mke anayemngoja azungumze, wanabeba hadithi kuliko dume lisilojua kushindwa.

7. Kwa wahariri na wakuu wa vipindi

Kipimo kimoja kiwahusu pia wanaoandika. Mwanamume akiandika tukio la chumbani, husemwa ana ubunifu. Mwanamke akiandika lile lile, huulizwa amelijulia wapi. Wasomaji huona ametubu hadharani, jamaa huulizana kuhusu mume wake, na watu wasiojulikana humpigia simu usiku.

Huko Kano, Nigeria, wanawake wa Kihausa walijenga soko kubwa la riwaya za mapenzi. Balaraba Ramat Yakubu, mmoja wa waandishi wake wakubwa, aliandika juu ya ndoa za kulazimishwa na wake wanaofukuzwa, na riwaya yake *Alhaki Kwikwiyo Ne* ya mwaka 1990 ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 2012. Mwaka 2007 gavana wa jimbo hilo aliongoza uchomaji wa vitabu vya aina hiyo hadharani katika shule ya wasichana. Nchini Uingereza upendeleo huo ulijitokeza kwa upande wa pili: Iain Blair, mwanamume wa Scotland, aliuza riwaya za mapenzi kwa jina la Emma Blair kwa miaka mingi, kwa sababu soko lilidhani mapenzi ni kazi ya wanawake.

Mhariri azingatie yafuatayo:

a) Asimwulize mwandishi kama hadithi ni ya maisha yake. Swali hilo halimhusu.

b) Aruhusu jina la kalamu kwa yeyote anayelitaka, na alitunze kama siri ya kazi. Namba ya simu ya mwandishi isitolewe kwa msomaji.

c) Malipo ya ukurasa au ya kipindi yawe sawa kwa jinsia zote, na yaandikwe kabla ya kazi kuanza.

d) Akimkatalia mwanamke tukio kwa kuwa ni kali mno, afungue la mwanamume alilolipitisha mwezi uliopita, ayaweke pamoja, aamue tena.

e) Meza inayochagua hadithi isikaliwe na jinsia moja. Katiba ya mwaka 2006, ibara ya 14, inazungumzia usawa wa wanawake na wanaume katika taasisi za nchi. Chumba cha uhariri hakipaswi kungoja kuambiwa.

f) Asitumie kazi kama mlango. Mhariri anayemwandikia mwandishi mwanamke ujumbe wa kimapenzi "kwa sababu anaandika hayo hayo" ananyanyasa, na kituo kimchukulie hatua.

8. Redioni na kwenye simu

Sauti ina upendeleo wake. Mtangazaji anaweza kusoma maneno ya haki kwa sauti ya kejeli. Msomaji mwanamume anapoigiza mwanamke kwa sauti nyembamba ya kudeka, anaharibu yote aliyoyajenga mwandishi. Wahusika wa kike wasomwe na wanawake panapowezekana. Waitane kama watu wa Kindu wanavyoitana, mama, papa, yaya, kwa heshima ile ile pande zote mbili: mke anayesema "papa" kwa unyenyekevu asijibiwe kwa amri.

Msikilizaji akipiga simu kusema "alijitakia mwenyewe", mtangazaji asicheke wala asipite. Ajibu kwa sentensi moja iliyo wazi kwamba lawama ni ya aliyetenda, kisha aendelee. Hadithi za chumbani zitangazwe usiku, baada ya saa za watoto, na zitanguliwe na onyo fupi. Baada ya hadithi yenye ukatili, taja mahali pa kupata msaada hapa mjini, na hakikisha siku hiyo hiyo kwamba mahali hapo bado panahudumia.

Hadithi zinazosambazwa kwa simu zitajwe mwanzoni kuwa za watu wazima. Msiweke picha ya mtu halisi kama jalada bila idhini yake ya maandishi.

9. Mipaka ya sheria

Kanuni ya Adhabu inaadhibu kuonyesha, kuuza au kusambaza nyimbo, maandishi na picha zinazokiuka maadili mema. Nyimbo na maonyesho yana tume yake ya udhibiti, na vyombo vya habari viko chini ya CSAC, baraza lililowekwa na Katiba ya mwaka 2006. Mambo ya mtandao yana sheria yake, Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023. Hata wakubwa hawakuachwa: mwaka 1978 mwanamuziki Franco alifungwa kwa nyimbo zilizohesabiwa kuwa chafu. Kituo au mchapishaji apate ushauri wa wakili kabla ya kuanzisha mfululizo wa hadithi za chumbani, na si baada ya kuitwa.

Msichukue kisa cha jirani mkakibadilisha jina tu. Kindu ni mji mkuu wa jimbo, lakini habari zake huvuka mto haraka kuliko mtumbwi. Mtu akijitambua katika hadithi, mwanamke ndiye atakayeumia kwanza.

10. Ukaguzi kabla ya kutoa

Mhariri aweke ukurasa huu mezani na kujibu kwa maandishi:

- Je, mwanamke anataka kitu, na msomaji anakijua?
- Je, kila mhusika angeweza kusema hapana bila kuadhibiwa na hadithi?
- Je, wote katika tukio la mwili ni watu wazima?
- Je, kazi na pesa za mwanamke zinabadili chochote?
- Je, matokeo ya tendo la wawili yamewaangukia wawili?
- Je, mwanamume anaruhusiwa kuogopa, kuchoka na kukataa?
- Ukibadilisha jinsia za wahusika, je, tukio lingekuudhi? Kama ndiyo, kwa nini halikukuudhi lilivyokuwa?
- Je, mtu wa jinsia nyingine ameisoma kabla yako?

Jibu moja baya halizuii hadithi. Linairudisha kwa mwandishi pamoja na maelezo. Majibu matatu mabaya yanaizuia. Uamuzi huo uwe mmoja kwa mwandishi chipukizi na kwa mwandishi anayejulikana, kwa mwanamke na kwa mwanamume. Anzeni na hadithi iliyo mezani leo, na mtakapoirudisha kwa aliyeiandika, mwonyesheni mstari kwa mstari mahali mhusika mmoja aliponyimwa kile ambacho mwenzake amepewa.